Mwendo wa Bibi wa Sinema

Mama yangu na mdogo wake wamegombana kwa sababu nyingi, lakini ugomvi wao mkubwa, ule uliodumu kuliko ujana wao, ulimhusu mwanamke wa Kimarekani ambaye hawakupata kuonana naye ana kwa ana hata siku moja. Alikuwa mwigizaji wa picha za mapenzi na vichekesho, zile za zamani zisizo na rangi, nao walimwona wakiwa wasichana katika jumba la sinema la Kismayo. Mama alishikilia kwamba mwisho wa picha yule bibi alipanda treni peke yake akaenda zake, huku akipunga glavu dirishani. Mama mdogo alishikilia kwamba hakupanda treni yoyote. Aliolewa na daktari kwenye ngazi za hoteli, na wapishi wakamrushia mchele.

"Wachu gani hao wa kurusha mchele?" Mama alikuwa akiuliza, kwa lahaja ya visiwani kwao, ambako mtu ni mchu. "Mchele haurushwi, unapikwa."

"Walirusha. Wewe ulikuwa umeinama unatafuta kiatu chako."

Nimeusikia ugomvi huo kwenye simu, jikoni na mlangoni, na hata msibani niliusikia, kwa kunong'ona.

Baba yao alikuwa fundi wa mashua kisiwani Koyama. Kaka yao mkubwa alikuwa akifanya kazi bandarini Kismayo, na wasichana wale wawili wakapelekwa kwake ili wasome. Kila Idi, baada ya chakula cha mchana, kaka aliwavalisha viatu akawapeleka sinema. Yeye alikaa katikati, mmoja kulia na mmoja kushoto, akiwafasiria masikioni, kwa sababu wakati huo picha za Wamarekani zilitufikia kutoka Italia, iliyokuwa imetutawala, zikisema Kiitaliano. Ndipo walipomwona yule bibi. Alikuwa mwembamba, na kofia yake ilikuwa na manyoya ya ndege. Katika picha alijifanya mke wa tajiri ndani ya hoteli kubwa, na mkononi alikuwa na bata bukini aliye hai, ambaye alimpata kwenye bahati nasibu na hakujua amfanye nini.

Mimi nilimjua mwanamke huyo kabla sijajua kusoma. Vita vilipoingia Kismayo, Mama alipanda mashua pamoja na mimi, nikiwa bado nanyonya, tukaenda Kenya. Nimekulia kambini na baadaye Mombasa. Tulipokuwa kwenye foleni ya maji, jua likituchoma, Mama alinisimulia habari za bibi na bata wake: jinsi bata alivyofichwa ndani ya piano, jinsi piano ilivyoanza kulia. Wanawake waliokuwa mbele yetu na nyuma yetu walisogea ili wasikie. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini kwa hadithi ile ulimi wake ulikunjuka.

Mama mdogo hakuja Kenya. Nyanya yangu alikuwa mgonjwa na hakuiweza safari ndefu ya bahari, kwa hiyo mama mdogo alirudi naye Koyama akamuuguza. Nyanya alifia mikononi mwake. Habari zilitufikia kambini wakati matanga yalikuwa yamekwisha kuondolewa.

Miaka mingi baadaye tulirudi Kismayo. Mimi nilipata kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi, na Mama akapanda mchaichai uani. Mama mdogo alikuja mjini mara kwa mara kununua nyuzi na dawa. Alipitia kwetu, akanywa chai, akaondoka siku ile ile. Hakulala hata mara moja. Na Mama hakwenda Koyama. Sikuwahi kusikia wakitaja mashua ile ya vita wala kitanda cha mgonjwa. Walikaa mkekani, wakaulizana habari za watoto na za samaki, na ukimya ulipoanza kuwa mzito mmoja wao alimtaja yule bibi wa sinema. Hapo walipata la kugombania, na nyumba ikachangamka.

Siku moja mzaha huo uligeuka. Mama mdogo alikuwa ameleta ngisi waliokaushwa, na Mama alikuwa akiwapanga kwenye sinia. Wakaanza kama kawaida, treni, ngazi, mchele. Mama akasema, "Mwanamke yule hakuwa wa kukaa mahali. Ungemtazama macho yake ungejua."

Mama mdogo akaweka kikombe chini. "Wewe umezoea kuondoka," alisema, "ndiyo maana kila mchu unamwona ameondoka."

Mama aliendelea kupanga ngisi. Wakamalizika, akaanza kuwapanga upya. Mama mdogo alivaa buibui lake, akachukua mfuko wa nyuzi, akasema, "Haya, kwaherini," naye akatoka kabla ya mtu kumjibu. Mwezi ule hakuja, na mwezi uliofuata hakuja. Akipiga simu, aliomba kuzungumza nami.

Nikajiambia kwamba nitaitafuta picha ile. Sikuwa na mpango wa kuwapatanisha, maana hilo lilikuwa kubwa kuliko mimi. Nilitaka tu wawe na kitu kimoja walichokubaliana, hata kama ni treni.

Tatizo ni kwamba hawakujua jina la picha wala jina la bibi. Walikuwa na bata tu. Nikitoka shule nilikaa uani na simu, nikiandika kwa Kiingereza: mwigizaji wa zamani, kofia, hoteli, bata. Zikaja nyuso za wanawake wengi, wote warembo, wote wamevaa kofia. Nikampelekea Mama simu pale alipokuwa akichambua mchele.

"Ni huyu?"

"Sie huyo. Huyo analia hata akicheka."

"Huyu?"

"Huyo ana macho ya paka. Haachiwi nyumba ya mtu."

"Na huyu?"

Alifuta vidole kwenye kanga, akaishika simu kwa mikono miwili. Kwenye picha ile yule bibi alikuwa ametazama pembeni, mdomo umebanwa kama mtu anayezuia kicheko mbele ya wazee.

"Ndiye," alisema Mama. Kisha akaiambia simu, si mimi: "Ulikuwa wapi?"

Kutoka hapo kazi haikuwa ngumu. Baada ya kupata jina nilizipata picha zake zote, na mojawapo ilikuwa na bata. Mtu fulani, sijui wa nchi gani, alikuwa ameipandisha mtandaoni nzima. Chini yake watu walikuwa wameandika maneno kwa lugha nyingi. Wengine walisema wanaitazama kila wanapougua, wengine kwamba nyanya zao waliipenda. Msichana mmoja aliandika kwamba ana miaka kumi na sita na hajapata kuona mtu anayeanguka vizuri kama huyu. Niliyasoma yale maneno nikiwa nimeketi kwenye kigoda uani kwetu, na bahari inasikika nyuma ya ukuta, nikaona ajabu. Nilikuwa nikidhani yule ni mwanamke wa Mama na mama mdogo peke yao.

Niliishusha picha kwenye kompyuta yangu ndogo. Mama alikuja akakaa karibu nami, tayari amefunga buibui lake vizuri kama anayekwenda mahali.

"Washa basi."

"Hatuiwashi hapa, Mama. Tutaitazama Koyama."

"Koyama kuna nini?"

"Kuna mwenzako."

Aliondoka akaenda kumwagilia mchaichai, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Siku tatu hakulitaja jambo hilo. Ya nne, tukiwa tunakula, aliniuliza kama boti ya faiba inayopeleka watu visiwani bado inaondoka asubuhi. Nikamwambia inaondoka. Akasema, "Basi mnunulie halwa. Anapenda halwa yenye lozi."

Tulikwenda wakati shule ilipofungwa. Kompyuta niliifunga kwa plastiki na taulo, nikaipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Mama alikaa kwa mbele, mgongo umenyooka. Tulipofika Koyama aliteremka majini, nguo zikalowa hadi magotini, akasimama ufukweni akiangalia huku na huku. Nilidhani anatafuta njia. Kumbe alikuwa akiitafuta nyumba ya baba yake, ambayo imebaki kuta mbili za mawe na mtende mmoja uliojiotea ndani.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mumewe alikuwa kisiwa cha jirani, Chovae, kwa kazi ya kurekebisha mashua, na nyumbani alikuwa na mjukuu wake mmoja, msichana wa darasa la saba.

"Mumekuja," alisema mama mdogo.

"Tumekuja," alijibu Mama.

Walishikana mikono kwa ncha za vidole. Tukaingia, tukapewa maji, halafu mkate wa mofa na samaki wa kukaanga. Mama alimpa mdogo wake halwa. Mama mdogo aliifungua, akaona lozi, akaifunga tena, lakini niliona ameiweka juu ya kabati lake mwenyewe, si jikoni.

Baada ya sala ya adhuhuri nilimwambia nimeleta nini. Hakuamini. Alidhani nimepata picha nyingine yenye bata mwingine. Mjukuu alikwenda kutundika kanga madirishani ili kiza kiingie, nikaiweka kompyuta juu ya sanduku, na dada wawili wakakaa kwenye mkeka mmoja, mmoja mwanzo wa mkeka na mmoja mwisho. Kati yao pangeweza kukaa watu wawili.

Muziki ukaanza. Akatokea yule bibi na kofia yake, akasema maneno yake ya kwanza, na papo hapo Mama akainua mkono.

"Simamisha. Sauti si yake hiyo."

"Ni yake, Mama."

"Sie yake!" Mama mdogo alisema. Hilo walikubaliana mara moja. "Yule alikuwa na sauti nzito, kama mchu aliyeamka sasa hivi. Huyu anasema kama kasuku."

Ikabidi niwaeleze kwamba Waitaliano walikuwa wakiwaondolea Wamarekani sauti zao na kuwatia za kwao. Mwanamke mmoja wa Kiitaliano alisimama mahali akayasema maneno yote kwa sauti yake, naye ndiye waliyekuwa wakimsikia Kismayo.

"Kwa hiyo tulipenda wanawake wawili," alisema mama mdogo.

"Na huyo mwingine hata uso wake hatuujui," alisema Mama. "Maskini. Haya, endelea."

Nikaanza kuwafasiria, na papo hapo matatizo mengine yakazuka. Yule mwanamume mwenye mkoba mweusi aliyekuwa akimfuatafuata bibi kila ghorofa hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa kutengeneza piano, na mle mkobani mlikuwa na vyombo vyake vya kazi.

"Kaka alisema daktari," alisema mama mdogo kwa uchungu.

"Kaka alisema daktari," Mama naye akakubali.

Walitazamana, kwa mara ya kwanza siku ile. Kaka yao, Mungu amrehemu, Kiitaliano chake kilikuwa cha bandarini. Alijua beba, shusha, ngoja, na hesabu mpaka mia. Yote mengine aliyokuwa akiwanong'oneza masikioni alikuwa akiyatunga palepale, kwenye kiti, ili wadogo zake wasikose. Mama alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka, kimya kimya, na mama mdogo alipomwona akashindwa kujizuia, akacheka kwa sauti mpaka mjukuu akauliza kuna nini, picha yenyewe bado haijachekesha.

Baada ya hapo walinikataza kufasiri. "Nyamaza utazame," waliniambia. Nami nikagundua kwamba walikuwa na haki, maana yule bibi alihitaji maneno kidogo sana. Alipodanganya, ncha ya pua yake ilisema ukweli, na alipokasirika alizidi kuwa na adabu, na watu wote chumbani wakaingiwa na hofu.

Kisha ukaja mwendo. Nilikuwa nimeusikia tangu kambini lakini sikuwahi kuuona. Bibi anaingia katika ukumbi mkubwa uliojaa matajiri, kidevu juu, bata kwapani amefunikwa mtandio. Kisigino cha kiatu kinakatika. Yeye hasimami, wala hatazami chini. Anaendelea kutembea, mguu mmoja juu mguu mmoja chini, kama kwamba sakafu ndiyo iliyopinda na yeye ana huruma nayo. Anawasalimu watu kulia na kushoto. Anafika mwisho wa ukumbi, anaketi, na bata anatoa kichwa.

Mjukuu wa mama mdogo hutazama tamthilia za Kituruki na za Kikorea, na alikuwa ameketi nasi kwa heshima tu, simu yake ameipakata. Aliiweka chini. "Rudisha hapo," aliniomba. Nikarudisha. Tukaitazama mara nyingine, na nyingine tena. "Lakini hakuona haya," alisema msichana. "Kiatu kimevunjika mbele ya wachu wote na hakuona haya."

"Aliona," alisema Mama. "Aliona sana. Mtazame shingo yake. Ila hakuwapa wao ile haya yake."

Sijui kama kuna mtu aliyeandika juu ya mwigizaji yule akasema vizuri kuliko hivyo.

Picha ikaendelea. Kufikia wakati ule dada wawili walikuwa wamesogeleana bila kujua, halwa imekwisha kushushwa kabatini, ipo kwenye sinia katikati yao. Ikafika sehemu ambapo tajiri amegundua kwamba ameongopewa, na bibi amesimama barazani kwenye mvua na sanduku lake. Nyuma yake ngazi za hoteli. Mbele yake, ng'ambo ya barabara, stesheni. Nikajua kwamba hapa sasa ndipo penyewe. Mama alishika goti lake. Mama mdogo aliacha kutafuna.

"Hapa," alisema Mama polepole. "Hapa ndipo palipokatika."

Nikasimamisha. "Nini kilikatika?"

Hakunijibu mimi. Alikuwa amemgeukia mdogo wake. "Hukumbuki? Mkanda ulikatika hapa. Pakatokea doa jeupe, likaanza kula mvua, likamla na yeye, na harufu ya kuungua. Wachu wakapiga miluzi."

Mama mdogo aliutazama uso wa bibi uliosimama kwenye kioo cha kompyuta. Nilimwona akirudi nyuma, mbali sana. "Na kaka akapanda juu ya kiti," alisema, "akamgombeza yule mwenye mashine."

"Wakatutoa nje."

"Wakatutoa nje, na jua bado kali. Mimi nililia."

"Ulilia mpaka nyumbani."

Walikuwa hawajauona mwisho. Walirudi kwa kaka yao siku ile ya Idi, wakalala kitanda kimoja kama walivyokuwa wakilala, na Mama, ili mdogo wake anyamaze, akaanza kuumalizia mwisho. Akamwambia bibi alipanda treni akaenda mji mwingine kufungua duka la kofia. Mdogo wake hakuridhika, akasema hapana, aolewe kwanza. Wakabadilishana, huyu anaongeza treni, huyu anaongeza wapishi, mpaka wote wawili wakapitiwa na usingizi. Na asubuhi, na miaka yote iliyofuata, kila mmoja aliubeba wa kwake akiamini ameuona kwa macho.

"Basi mchele niliurusha mimi," alisema mama mdogo.

"Wewe ndiye. Na mimi nikakwambia haurushwi."

Niliwauliza kama tuendelee kutazama au tuache. Mama alisema tuzime, tusije tukaharibikiwa. Mama mdogo alisema kama ni kuharibikiwa amekwisha kuharibikiwa na mengi, washa. Nikawasha.

Yule bibi hakwenda stesheni wala hakupanda ngazi. Alizunguka nyuma ya hoteli akaingia kwa mlango wa jikoni, akavua kofia, akavaa aproni, akaanza kumenya viazi pamoja na wapishi. Fundi wa piano akaja akimtafuta. Wakazozana. Bata akapita katikati. Mwanamume akasema neno moja, bibi akamtazama kwa ule mdomo uliobanwa, halafu mlango wa jikoni ukajifunga usoni petu. Ndani tukasikia sahani zinaanguka. Mwisho.

Nikaifunga kompyuta.

"Wamefunga mlango," alisema mama mdogo. "Wallahi wamefunga mlango! Umri wote huu, na wao wamefunga mlango!"

"Na sahani zimevunjika," alisema Mama.

"Wetu ulikuwa mzuri zaidi."

"Yote miwili."

Mjukuu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi niliondoa kanga dirishani, na mwanga wa alasiri ukaingia. Nilipogeuka nilimkuta Mama amebadilika uso. Alikuwa akikwangua makombo ya halwa kwenye sinia kwa ukucha, kama alivyokuwa akipanga ngisi siku ile.

"Mama yetu," alisema bila kuinua kichwa, "alipokuwa mgonjwa. Aliteseka sana?"

Tangu turudi hakuwa ameuliza. Mama mdogo alikaa vizuri, akafunika miguu yake kwa kanga.

"Mwanzo aliteseka," alisema. "Usiku hakulala. Dawa hakuna, ilikuwa majani tu na kisomo. Alikuwa akikuulizia. Nikamwambia umefika salama, ingawa sikujua kama umefika."

Mama alitikisa kichwa.

"Kisha siku moja asubuhi nilimpelekea uji, na ndara yangu ya kapatipati ikanikatikia mguuni pale mlangoni. Uji mkononi, moto. Nikasema nikisimama nitaumwaga. Basi nikamwendea hivyo hivyo." Mama mdogo alisimama. Ana umri mkubwa sasa, na goti moja linamsumbua, lakini aliinua kidevu, akabeba bakuli ambalo halikuwapo, akavuka chumba kutoka mlangoni hadi kitandani, mguu juu mguu chini, akisalimu watu kulia na kushoto. Ilikuwa ni yeye kabisa, yule bibi. Hata mdomo. "Akacheka. Mama yetu akacheka, dada. Hakuwa amepata kuiona picha, hakujua mimi ni nani ninayemwiga, lakini alicheka mpaka nikaogopa atapaliwa. Tangu siku hiyo kila uji nilimpelekea kwa mwendo huo. Akinisikia nje, anaanza kucheka kabla sijaingia. Mpaka mwisho, dada. Hata siku ya mwisho alinitazama miguu."

Mama alimnyooshea mikono. Mama mdogo akaenda, lakini akaenda kwa mwendo ule ule, hakuuacha, na ndivyo walivyokumbatiana, mmoja amekaa na mmoja amesimama kwa mguu mmoja, wakilia na kucheka hata sikuweza kujua kipi ni kipi. Mimi nilitoka nje nikamkuta mjukuu wake ufukweni, anajaribu kutembea kwenye mchanga bila kiatu kimoja. Alikuwa bado hajaupata ule mwendo. Alikuwa akitazama chini.

Likizo ilipokwisha nilirudi Kismayo peke yangu. Mama alisema atakaa wiki moja zaidi, halafu wiki ikawa mwezi. Aliniagiza nguo zake, kisha kioo chake cha kuchania nywele, na hapo nikaelewa kwamba harudi karibuni. Wanawake wa mtaa wa mama mdogo walikuwa wamesikia habari za bibi na bata wake, wakaanza kuja alasiri baada ya kazi zao, nami, niliyewaachia kompyuta, nikawapelekea kwenye memori kadi picha nyingine zake tatu. Kuna moja ambayo yeye ni wakili na hajui sheria. Kuna nyingine ambayo anaibiwa gari, akampenda mwizi. Mama ndiye mfasiri. Kiingereza chake ni cha kambini, na nina hakika nusu ya anayoyasema anayatunga. Hakuna aliyelalamika.

Nimemuuliza mara nyingi, kwa simu, kwa nini huyu na si wengine wengi wazuri waliopita. Kila mara ananijibu vingine. Siku moja alisema ni kwa sababu alikuwa anacheka na mwanamume, hamchekei. Siku nyingine alisema ni kofia. Mara ya mwisho alisema, "Mwanangu, ukimtazama unaona kwamba bado kitu kizuri kinakuja, na yeye hakijui bado, na wewe unakijua." Kisha akaniambia nisiongee sana, salio linakwisha.

Wiki iliyopita alinipigia akiwa na jambo la maana. Amezungumza na shemeji yake aliyerudi kutoka Chovae, na yeye amezitazama zile kuta mbili za nyumba ya babu, akasema msingi ni mzima. Mtende utabaki, wataufanya uwe wa uani. Wataanza na chumba kimoja na baraza, na dirisha litaelekea kwa mama mdogo ili waweze kuitana bila kutoka. Mimi nimetakiwa kupeleka saruji na misumari, na spika pamoja na betri moja ya sola iliyo kubwa kuliko hii waliyo nayo, kwa sababu wanawake wamekuwa wengi na sauti haiwafikii waliokaa nyuma.

Alhamisi nitatoka shule mapema. Nimekwisha kusema na mwenye boti, amenihifadhia nafasi ya mizigo kwa mbele. Mjukuu wa mama mdogo ameniomba nimtafutie viatu vyenye kisigino, namba thelathini na nane, vyovyote vile, hata vikiwa vibovu.